Tom Mboya: Mkaguzi wa afya aliyedai heshima kazini

KILA siku maelfu ya vijana hupita Moi Avenue, Nairobi. Kuna anayekimbilia zamu, na kuna aliyeshika bahasha ya kaki akisaka kazi. Kando ya barabara hiyo imesimama sanamu ya Tom Mboya. Wengi wetu tunamjua kama waziri na mwanasiasa aliyesaidia mamia ya wanafunzi kupanda ndege kwenda kusoma Marekani. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa kijana wa miaka 21 kwenye kazi yake ya kwanza, na aliyoyaona huko ndiyo yaliyomtengeneza.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika. Babake, mwenyeji wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge. Kijana alisomea Yala, kisha akaingia shule ya Mangu, lakini pesa za kuendelea zikakosekana. Mwaka 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya Nairobi, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji.

Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa kazi poa. Ofisi iko City Hall, mshahara unaingia, na una cheo. Kazi yenyewe ilikuwa muhimu pia: kuhakikisha kwamba chakula na maziwa yanayouzwa jijini hayataua mtu. Shida ni kwamba Mboya alilipwa takriban moja ya tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile.

Siku moja akiwa peke yake akipima maziwa, mwanamke Mzungu aliingia na chupa yake. Akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama pale pale mbele yake! Naye akamuuliza kama macho yake yana tatizo. Mama huyo akafura kwa hasira na kwenda kumshtaki. Yaani mwenye kosa akawa ni yule ambaye hakuonekana.

Wengine wangemeza mate na kungoja mwisho wa mwezi. Mboya alijua kwamba akilalamika peke yake ataitwa mjeuri tu. Kulikuwa na chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa mambo madogo madogo. Akachaguliwa katika uongozi, akazunguka akisajili wanachama, na mwishowe kikageuka kuwa chama kamili cha kutetea wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Mwaka 1953 kazi yake City Hall ilifika mwisho. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 23 pekee, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake walikuwa ndani. Mfanyakazi Mwafrika hakuwa na pengine pa kupazia sauti.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka huko na kuwashawishi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa rasmi. Haikuwa rahisi, kwa sababu kumwambia mtu mwenye njaa aamini mazungumzo ni kubahatisha jina lako. Lakini walipata nyongeza ya asilimia 33.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika chuo cha Ruskin, Oxford, Mboya alirudi, na mwaka 1957 akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Leba. Sasa alikuwa upande wa pili wa meza, na migomo ilikuwa mingi. Baadhi ya wenzake wa zamani walimwona kama aliyegeuka alipohimiza kwamba watu wazungumze kwanza kabla ya kugoma. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Mwajiri akakubali kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama, na pande zote zikakubaliana jinsi ya kutatua mizozo. Mwaka 1964 ikaundwa mahakama ya kushughulikia mizozo hiyo, ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mboya aliuawa kwa risasi Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa barabara ile ile ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38.

Siku hizi tukiulizana kuhusu ofisi nzuri, tunataja chai ya bure, intaneti na bosi mcheshi. Si vibaya. Lakini bosi mcheshi anaweza kuhamishwa kesho. Ukienda mahojiano, chunguza pia haya: anayefanya kazi kama yangu analipwa kama mimi? Na nikionewa, kuna mahali pa kusema, na kesho yake bado niwe na kazi? Kijana mmoja wa City Hall aliyajua majibu ya maswali hayo mapema sana, na hakuyapenda.