Mwalimu Nyerere na hesabu ya jembe la mkono

Mkulima anayefuata jembe Kariakoo yuko jirani na Mtaa wa Lumumba, ambako Julai 7, 1954 Mwalimu Julius Nyerere na wenzake waliunda TANU.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, akiwa mtoto wa Chifu Burito. Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu ili afanye siasa, na mwaka 1961 akaiongoza Tanganyika kupata uhuru.

Serikali yake ilianzisha makazi ya wakulima yenye matrekta. Gharama zikawa kubwa kuliko mavuno, na mwaka 1966 mpango huo ukasitishwa. Mwalimu alisisitiza kwamba mkulima mdogo apande hatua kwa hatua: kutoka jembe la mkono aende kwenye plau ya ng'ombe, trekta lije baadaye. Kwa msaada wa China, kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na majembe yakawa haba vijijini. Sera nzuri haikutosha bila jembe dukani.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Somo linabaki. Mkulima, chagua jembe lisilokulemea, lenye mpini usiokupindisha mgongo, na ambalo fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza. Mfanyabiashara, liweke dukani kabla ya mvua.