Cartier-Bresson: picha ya Ziwa Tanganyika ilimpa kamera, akabaki na lenzi moja

Mwaka wa 1931, kijana Mfaransa ambaye hakuwa hata na miaka 24 alikuwa amelala kitandani Côte d'Ivoire, akingoja kufa. Malaria ilikuwa imemfikisha kwenye ile homa mbaya inayogeuza mikojo kuwa myeusi, ugonjwa ambao wazee wa Maniema wanaujua bila kuhitaji maelezo. Aliandika kadi kwa babu yake Ufaransa akiagiza azikwe pembeni ya msitu wa Eawy, huko Normandie, na siku ya maziko upigwe muziki wa Debussy. Jibu lilitoka kwa mmoja wa wazee wa familia: babu ameona gharama ni kubwa mno, kwa hiyo afadhali kijana arudi kwanza akiwa hai.

Alirudi. Inasimuliwa kwamba dawa za miti za mwenyeji mmoja ndizo zilizomwokoa. Jina lake Henri Cartier-Bresson, na miaka iliyofuata ilimfanya kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa kuliko wote wa karne ya 20.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nane 1908 huko Chanteloup, karibu na Paris, katika familia tajiri ya viwanda vya nyuzi. Wazazi walitaka aingie katika biashara, yeye akataka kuchora. Alijifunza uchoraji kwa André Lhote, mwalimu mkali aliyewafundisha vijana wake kupanga mistari na maumbo ndani ya fremu kama fundi anavyopanga matofali. Barani Afrika aliishi kwa kuwinda usiku akitumia taa, akiwauzia wanavijiji nyama. Kamera aliyokuwa nayo ilikuwa ya mitumba, unyevu wa msitu ukaharibu karibu filamu zake zote.

Akiwa Ufaransa anajiuguza, aliona katika jarida picha moja ya Martin Munkácsi, mwandishi wa picha kutoka Hungaria. Inaonyesha vijana watatu wa Kiafrika, uchi, wakikimbilia ndani ya mawimbi, miili yao myeusi juu ya povu jeupe. Picha hiyo inajulikana duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wachunguzi wanaosema ilipigwa Liberia. Kwa msomaji wa Kindu jina hilo si la mbali: reli inayoanzia hapa, ikapita Kongolo na Kabalo, inaishia Kalemie, kwenye maji hayo hayo. Cartier-Bresson alieleza hadi uzeeni kwamba picha hiyo moja ndiyo iliyomwonyesha kuwa kamera inaweza kukamata furaha ya sekunde moja na kuifanya ibaki. Aliweka rangi na brashi pembeni, akatoka kwenda barabarani.

Mwaka wa 1932, mjini Marseille, alinunua Leica.

Kamera hiyo ndogo ya Wajerumani ilikuwa imeanza kuuzwa mwaka wa 1925. Ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35 na iliingia katika mfuko wa koti, wakati waandishi wengi wa magazeti walikuwa bado wanabeba masanduku mazito. Toleo la mwaka huo wa 1932 ndilo lililokuja na telemeta iliyounganishwa na lenzi. Mpiga picha anachungulia katika kidirisha, anaona sura mbili za mtu mmoja, anazungusha lenzi mpaka sura hizo zikutane kuwa moja. Hapo umbali umeshapimwa.

Jambo la kuelewa ni kwamba katika kamera ya namna hii jicho halipiti ndani ya lenzi. Linapita katika dirisha lake lenyewe, juu kidogo, pembeni kidogo. Katika matoleo yaliyokuja baadaye, fremu ya picha ni mstari tu uliochorwa katikati ya dirisha, na mpiga picha anaona hata kilicho nje ya mstari: baiskeli inayokuja, mtoto anayekaribia kuingia. Hakuna kioo kinachoruka ndani na kufunga macho wakati wa kufyatua, na sauti yake ni ndogo. Lakini kuna hasara. Mwaka wa 1932 huo huo, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare mjini Paris, Cartier-Bresson alikuta ua wa mbao wenye upenyo mwembamba. Lenzi iliingia, jicho halikupata nafasi. Alifyatua bila kuona vizuri, na akapata mwanaume anayeruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji. Upande wa kushoto ubao ulikuwa umeziba, ikabidi picha ikatwe. Yeye aliyekataa maisha yake yote picha zake zikatwe, picha yake maarufu kuliko zote ni miongoni mwa chache zilizokatwa.

Kuhusu lenzi, alichagua ya milimita 50, na karibu kazi yake yote aliifanya nayo. Kwa mtu anayesimama mita 3 mbele ya watu, lenzi hiyo inachukua upana wa mita 2 hivi. Ya milimita 35, ambayo ni pana, inachukua mita 3. Tofauti hiyo ya mita moja ndiyo iliyogawanya waandishi wa picha kwa miaka mingi. Lenzi pana inamruhusu mtu kufanya kazi ndani ya chumba kidogo, ndani ya lori, katikati ya umati, na inasamehe makosa ya umbali. Ukiifunga hadi f/8 na kuiweka kwenye mita 3, kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7 kinatoka wazi, hata bila kupima. Kwa hesabu hiyo hiyo, lenzi ya 50 inakupa kuanzia mita 2 na nusu kasoro hadi mita 4 tu.

Basi kwa nini hakuichukua? Sababu ya kwanza ni mwanga. Katika miaka ya 1930 lenzi pana za Leica zilikuwa na mdomo mdogo. Ile ya milimita 28, Hektor ya mwaka wa 1935, ilifunguka hadi f/6.3 tu, maana yake ilipitisha sehemu moja tu ya kumi ya mwanga ambao lenzi ya 50 yenye f/2 ilipitisha. Filamu zenyewe zilikuwa dhaifu. Kwa mtu aliyeamua kutotumia flashi, lenzi kama hiyo ilikuwa ya mchana tu. Lenzi pana zenye kasi zilikuja baadaye: mwaka wa 1958 Leitz walitoa ya 35 yenye f/2, na mwaka wa 1961 ya f/1.4, ambayo wapiga picha wengi walioingia vitani waliipenda.

Sababu ya pili haikuondoka hata lenzi hizo zilipopatikana. Aliona kwamba lenzi pana inamvuta mtu kupiga kelele: sura iliyo karibu inavimba, nguzo zinainama pembeni, na msomaji anashangaa lenzi badala ya kuangalia watu. Aliitumia ya 35 mara chache, pale ukuta ulipomzuia kurudi nyuma. Kuna kitu cha ukaidi katika msimamo huo, na wenzake wengi wamethibitisha kwamba lenzi pana ikiwa mikononi mwa mtu mtulivu inaweza kuheshimu watu vilevile. Lakini kwake lenzi moja ilikuwa na faida kubwa kuliko hoja zote: alijua kabla ya kuinua kamera ni nini kitaingia na nini kitabaki nje. Alifunika sehemu zinazong'aa za Leica kwa utepe mweusi, akaishika mkononi bila kuionyesha, akaipandisha machoni kwa muda mfupi na kuishusha.

Vita vikuu vya pili vilimkuta katika kikosi cha picha na filamu cha jeshi la Ufaransa. Aliizika Leica yake ardhini, katika milima ya Vosges, na mwezi wa sita 1940 Wajerumani wakamkamata. Alikaa kifungoni karibu miaka mitatu akifanya kazi za mikono. Alitoroka mara mbili akarudishwa. Mara ya tatu, mwezi wa pili 1943, alifaulu, na baadaye akaenda kuifukua kamera. Huko Marekani, jumba la sanaa la MoMA mjini New York lilikuwa limeanza kuandaa maonyesho ya kumkumbuka kama marehemu. Mwenyewe akajitokeza kusaidia, na maonyesho yakafunguliwa mwaka wa 1947.

Mwaka huo pia alianzisha shirika la Magnum pamoja na Robert Capa, David Seymour na George Rodger. Waligawana dunia: Rodger alipewa Afrika na Mashariki ya Kati, Cartier-Bresson akaenda Asia.

Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1948 alikuwa Delhi, nyumbani kwa Gandhi, akimwonyesha kitabu cha maonyesho yake ya New York. Muda mfupi baada ya kuagana, Gandhi alipigwa risasi. Cartier-Bresson alirudi mbio. Waandishi wa historia wanasimulia kwamba mwenzake Mmarekani, Margaret Bourke-White, aliingia na flashi, na mwanga huo ukawaudhi sana waombolezaji. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye matanga anaweza kuelewa hasira yao. Cartier-Bresson alikuwa na kamera ndogo na giza. Picha yake ya Nehru kwenye lango, akiwatangazia watu msiba, ina ukungu, imetikisika, taa moja inawaka juu ya vichwa. Kwa vipimo vya fundi ni picha mbovu. Ilichapishwa hivyo hivyo, na ni vigumu kufikiria flashi ingeiongezea nini.

Hapo ndipo bei ya uchaguzi wake inaonekana wazi. Lenzi ikifunguliwa hadi mwisho, upana wa kosa unakuwa mdogo: hata ya milimita 35, ikiwa f/2 na mtu akiwa mita 3, kinachotoka wazi ni kati ya mita 2.6 na 3.5. Kwa lenzi ya 50 ni kidogo zaidi. Kupunguza kasi ya mlango wa kamera kunaleta mtikisiko wa mkono. Giza lilimnyima picha nyingi, naye alikubali kuzikosa.

Kutoka India alikwenda China, akafika Beijing mwezi wa kumi na mbili 1948, wakati jeshi la Mao lilikuwa karibu na mji. Alikaa huko miezi kumi. Mjini Shanghai alipiga picha ya watu waliobanana nje ya benki, kila mmoja akitaka kubadilisha noti zisizo na thamani apate dhahabu. Mikono imeshikana, miili imesukumana mpaka mstari wa watu umekuwa kitu kimoja. Lenzi pana ingeonyesha barabara yote na jengo. Yeye alionyesha msongamano peke yake.

Mwaka wa 1952 kilitoka kitabu chake kikubwa, Images à la sauvette. Jina hilo la Kifaransa linamhusu mchuuzi asiye na ruhusa, anayeuza huku akiangalia polisi, tayari kukunja bidhaa na kukimbia. Sokoni hakuna asiyemjua mchuuzi huyo. Mwaka wa 1954 alikuwa mpiga picha wa kwanza wa nchi za Magharibi kuruhusiwa kuingia Umoja wa Kisovieti baada ya kifo cha Stalin.

Mwaka huo huo Leica walitoa M3, ambayo dirisha lake halikuwa na fremu ya lenzi ya 35. Aliyetaka lenzi pana ilimbidi aongeze kioo cha pembeni, au asubiri M2 iliyokuja miaka michache baadaye. Cartier-Bresson hakusumbuka: fremu ya 50 ilikuwepo.

Leo karibu kila mtu mjini Kindu anayevuka Lualaba kwenda Alunguli ana lenzi pana yenye kasi mfukoni. Kamera kuu ya telefone nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28, yenye mdomo wa karibu f/1.8, kitu ambacho mwaka wa 1932 hakikuwepo hata kwa tajiri. Inafanya kazi jioni, jenereta ikiwa imezimwa. Lakini ukiisogeza mpaka uso wa mtu ujaze kioo, pua yake inakua na masikio yanarudi nyuma, kasoro ile ile iliyomfanya mzee huyo aache lenzi pana sandukuni. Ukirudi hatua mbili, sura inatulia, ila mtaa wote unaingia pamoja naye.

Kuanzia miaka ya 1970 aliacha kabisa kazi ya picha, akarudi kwenye penseli na karatasi, kazi aliyokuwa ameiacha kwa ajili ya vijana watatu wa Munkácsi. Kamera aliitoa mara chache tu. Pamoja na mke wake Martine Franck, naye mpiga picha wa Magnum, na binti yao, alianzisha taasisi ya kutunza kazi zake, iliyofunguliwa Paris mwaka wa 2003.

Alifariki tarehe 3 mwezi wa nane 2004, zikibaki siku chache atimize miaka 96. Alizikwa Montjustin, kijiji kidogo cha kusini mwa Ufaransa, mbali na msitu wa Eawy aliouomba alipokuwa na homa Côte d'Ivoire.