Kimweri ye Nyumbai: Je, Uongozi Hufundishwa?

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, ni vema tukamkumbuka pia mtu ambaye hakubatizwa, wala hakuona kanisa likijengwa katika milima hii, lakini jina lake lingali likitajwa kote Usambara: Kimweri ye Nyumbai, mwana wa Kinyashi, wa ukoo wa Mbegha.

Kimweri alitawala kutoka Vuga tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1862. Enzi yake ilianzia milimani ikafika pwani ya Bahari ya Hindi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyemtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alimkuta mfalme mwenye kuogopwa na kutiiwa, naye mfalme akampokea vizuri na kuridhia walimu waje. Hatusemi kwamba utawala wake ulikuwa mpole. Watu na mali za nchi alivihesabu kuwa vyake.

Wengi hudhani kwamba haiba ya namna ile mtu huzaliwa nayo. Wakilindi wenyewe hawakuiachia damu peke yake. Mrithi wa Vuga aliwekwa kwanza Bumbuli, atawale sehemu kabla ya kukabidhiwa nchi nzima. Washambaa nao walikuwa na kipimo chao: je, mtawala huyu anaiponya nchi, yaani kuzifya shi, au anaiharibu, yaani kubana shi? Mvua ikinyesha, nguvu zake zilihesabiwa kuwa baraka. Njaa ikiingia, nguvu zile zile zikawa shitaka juu yake.

Hata hivyo, malezi hayo yalikuwa na mpaka. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu nyingi za nchi, nao walimtii kwa kuwa ni baba yao. Alipofariki, kiti kilimwendea mjukuu wake Shekulwavu, ambaye baba yake alikwisha kutangulia. Baba zake wadogo hawakuona sababu ya kumnyenyekea mtoto wa ndugu yao. Semboja wa Mazinde, aliyekaa kwenye njia ya misafara na kupata bunduki, aliishambulia Vuga. Nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895, makovu hayo yalikuwa hayajapona.

Basi, kusimama mbele ya watu na kusikilizwa ni jambo la kufundishika. Bumbuli ni ushahidi. Lisilorithishika ni utii uliofungwa katika nafsi ya mtu mmoja. Mrithi aliandaliwa, wana wa mfalme hawakuandaliwa kumtii. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tunaovuka kuingia karne ya pili tuwafunze vijana kuongoza, na sisi wenyewe tujifunze kuongozwa nao tungali hai.