Bibi Maryam (a.s.) na Ndimi za Watu

Kanisa kuu la Bukavu limepewa jina la mama yake Nabii Isa (a.s.), na jirani zako Wakatoliki humtaja kila siku. Je, wewe wamjua? Ni Bibi Maryam binti Imran, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani. Sura ya 19 yaitwa kwa jina lake.

Mama yake alimwekea nadhiri angali tumboni. Akalelewa na Nabii Zakaria (a.s.), akakua katika ibada, na riziki ikimfikia mihrabuni. Kisha Jibril akamletea habari ya mtoto, hali hajaguswa na mwanamume. Akaenda mbali, peke yake. Uchungu ukamshika penye mtende, hata akatamani afadhali angelikufa zamani. Mola wake akampa maji na tende, akamwamuru asiseme na mtu. Aliporudi amembeba mtoto, watu wake wakamshutumu. Akanyamaza, akamwashiria mtoto. Na mtoto mchanga akasema, akamtetea.

Zingatia, ndugu yangu. Jambo la Maryam ni muujiza, halina mfano. Lakini ndimi zile bado zipo. Kivu yetu ina wamama wengi waliobebeshwa mimba kwa nguvu wakati wa vita. Ukimkuta mmoja sokoni Mudaka na mtoto wake, usimsengenye. Msalimie, nunua kwake, mpende mtoto wake. Mtoto huyo hawezi kumtetea mama yake, mtetee wewe.

Wabillahi tawfiq.