Mwalimu wa hesabu aliyeingia maktabani

Katika vyuo vyetu vingi, somo la kutumia maktaba hufunzwa kwa saa moja. Wanafunzi wapya huongozwa kwa kundi, wakaonyeshwa mlango, meza ya mkutubi na mahali pa kuacha mikoba, kisha wakahesabiwa kuwa wameijua maktaba. Muhula haujaisha, mwalimu analalamika kuwa insha zote zimenakiliwa kutoka kitabu kimoja, au kutoka ukurasa wa kwanza uliojitokeza kwenye intaneti. Lawama zote humwangukia mwanafunzi. Mimi siziafiki lawama hizo, na shahidi wangu ni Mhindi mmoja ambaye wakutubi duniani kote wanamjua, ingawa walimu wetu wachache ndio wamepata kulisikia jina lake.

Shiyali Ramamrita Ranganathan alizaliwa mwaka 1892 kusini mwa India. Alisoma hisabati hadi shahada ya uzamili, kisha akaifundisha vyuoni, licha ya kigugumizi kilichomsumbua tangu utotoni. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Madras kilimwajiri kuwa mkutubi wake. Ukutubi hakuusomea. Inasimuliwa kwamba yote aliyoyajua kuhusu kazi hiyo aliyatoa katika makala ya ensaiklopidia aliyoisoma siku chache kabla ya usaili. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu, lakini upweke wa chumba kile chenye vitabu na kisicho na wasomaji ulimkera, hata akawaendea wakubwa kuwasihi wamrudishe darasani. Walimjibu kwa sharti la busara: aende London kwanza asomee ukutubi, na akirejea na chuki ile ile, atapewa darasa lake.

Hebu tutafakari hapo kidogo. Huyu alikuwa msomi mwenye shahada mbili na mwalimu wa chuo, na bado maktaba ilikuwa kwake ghala tu mpaka alipofunzwa. Sasa sisi tunamtarajia kijana aliyetoka shule ya sekondari isiyo na hata rafu moja ya vitabu aijue maktaba kwa kuonyeshwa mlango!

Huko University College, London, alifundishwa na W. C. Berwick Sayers, mkutubi wa Croydon, na akazuru maktaba nyingi za Uingereza. Jambo lililomzindua, hata hivyo, aliliona dukani. Katika duka la Selfridges aliona kichezeo cha Meccano, vyuma vidogo na skrubu ambavyo mtoto huviunga leo kuwa gari na kesho kuwa daraja. Mwanahisabati akang'amua kwamba mada ya kitabu nayo yaweza kuundwa hivyo hivyo, kwa kuunga vipande. Mfumo wake wa kuainisha vitabu, alioutoa mwaka 1933, ulichukua jina la nukta pacha, alama aliyoitumia kuunganishia vipande hivyo.

Nathubutu kusema kuwa hapa ndipo mwalimu asiyekusudia kuwa mkutubi ana la kujifunza. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuandika kuhusu magonjwa ya mahindi katika Trans Nzoia, aghalabu huenda kutafuta kitabu chenye jina hilo hilo. Akikikosa, hudai maktaba haina kitu. Aliyefunzwa kupasua swali atajiuliza: mmea ni upi? Tatizo lake ni nini? Ni tiba au ni kinga? Wapi, na mwaka gani? Kila kipande humpa neno la kutafutia, iwe ni katika droo ya kadi, katika faharasa ya kitabu, au katika tarakilishi. Waama, anayejiuliza hivyo amekwisha kuanza utafiti kabla hajagusa kitabu. Ustadi huu hauwezi kufunzwa kwa matembezi ya saa moja. Mahali pake ni darasani, ndani ya somo lenyewe, na mkutubi akiwa kando ya mwalimu.

Ranganathan alirejea Madras mwaka 1925 na ombi la kurudi darasani likasahaulika. Aliwafungulia wasomaji rafu wajichagulie vitabu wenyewe, akaongeza saa za maktaba kuwa wazi, na mwaka 1929 kozi ya kuwafunza wakutubi ikaanzishwa. Katika kitabu chake cha kanuni tano, cha mwaka 1931, alishikilia kwamba kitabu kimewekwa kitumiwe wala si kilindwe, na kwamba muda wa msomaji ni mali ya kuokolewa. Katika maandishi yake mengine alitaka msomaji mgeni apokewe na kufunzwa njia za maktaba, na hilo alilihesabu kuwa sehemu halisi ya kazi ya mkutubi. Mwaka huo wa 1931 alishiriki pia kuzindua maktaba iliyokokotwa na maksai katika vijiji vya Mannargudi. Ngamia waliobeba vitabu huko Garissa kuanzia mwaka 1996 walikuwa ndugu wa maksai hao.

Wapo waliomwona mtu mgumu, asiyejua likizo na asiyewapa wengine nafasi ya kupumua. Sishangai. Huko Banaras, kati ya 1945 na 1947, aliainisha peke yake vitabu vipatavyo 100,000. Baadaye alifundisha Delhi, na mwaka 1962 akaanzisha kituo cha utafiti na mafunzo ya ukutubi mjini Bangalore.

Akiba yake, rupia 100,000, aliikabidhi Chuo Kikuu cha Madras ili pawepo profesa wa kufundisha ukutubi, chini ya jina la mkewe, Sarada. Alifariki Bangalore mwezi Septemba, mwaka 1972.