Bill Tilman: Alitoka kapa kwenye dhahabu, akavuka Afrika kwa baiskeli

Mjini Shinyanga baiskeli si kifaa cha mazoezi. Ni daladala, ni lori la mkaa, ni gari la maji. Anayeiendesha kila siku anajua vizuri kilomita 80 za jua kali zinafanya nini kwenye magoti. Ndiyo maana watu wa Shinyanga wataielewa habari ya Bill Tilman haraka kuliko wengi.

Mwaka 1933 Mwingereza huyu, akiwa ametoka kapa kwenye rashi ya dhahabu ng'ambo ya Ziwa Victoria, alichukua baiskeli ya kawaida na kuondoka nayo Uganda kuelekea magharibi. Siku 56 baadaye alikuwa Kribi, Cameroon, anaitazama Bahari ya Atlantiki. Alikuwa amesafiri takribani kilomita 4,800.

Na hapo alikuwa ameshaambiwa na madaktari kwamba mwili wake hautaweza tena mambo ya milima.

Shamba la bahati nasibu

Jina lake kamili ni Harold William Tilman. Alizaliwa Februari 14, 1898, mji wa Wallasey, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Shule ilipokwisha tu, Vita ya Kwanza ya Dunia ikamchukua. Alipigana Ufaransa akiwa askari wa mizinga, akajeruhiwa, na akatunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili akiwa bado kijana mdogo.

Vita ilipoisha, serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake wa zamani ardhi nchini Kenya kwa bahati nasibu. Tilman akapata. Mwaka 1919 akapanda meli, akaenda kufyeka pori upande wa Sotik, karibu na Kericho, ili alime.

Hapa lazima isemwe: ardhi iliyochezewa bahati nasibu haikuwa ya waliochezesha. Eneo lile lilikuwa la Wakipsigis. Simulizi nyingi za wazungu wa zamani huruka sehemu hiyo haraka haraka.

Kwa miaka kama kumi Tilman alikuwa mkulima tu. Mambo yakabadilika mwaka 1930 alipokutana na kijana mwingine Mwingereza aliyekuwa Kenya, Eric Shipton, ambaye tayari alikuwa mpanda milima hodari. Mwaka huohuo wakaenda pamoja Kilimanjaro na kupanda Mawenzi, kile kilele chenye miamba mibovu ambacho watalii wengi hukitazama kwa mbali tu. Miezi michache baadaye wakaupanda Mlima Kenya kwa kufuata ukingo wake wa magharibi, njia ambayo hakuna aliyekuwa ameimaliza kabla yao. Januari 1932 walikuwa Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, ndani ya ukungu na matope, na huko pia wakafika vileleni.

Ghafla mkulima wa kahawa amekuwa mtu wa milima.

Ajali

Aprili 1932 alikuwa likizo kwao Uingereza. Siku moja alikwenda kupanda mwamba na wenzake wawili katika wilaya ya maziwa, kaskazini mwa nchi hiyo. Wote watatu walikuwa wamefungwa kamba moja, na walipoanguka walianguka pamoja.

Mmoja wao alikufa. Tilman mwenyewe aliumia mgongo, lakini alijikokota kwa kilomita kadhaa hadi kijiji cha Coniston kuomba msaada. Baada ya hapo ndipo akaambiwa kwamba kupanda milima basi tena. Alikuwa na miaka 34.

Akarudi Kenya. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka kutokana na mdororo wa uchumi wa dunia, na kila mzungu mwenye sururu alikuwa anazungumzia Kakamega.

Rashi ya Kakamega

Dhahabu ilionekana Kakamega mwaka 1931. Wakulima waliofilisika, maofisa wastaafu na mabaharia, watu wa kila aina walikimbilia huko na karai na hema. Mchimbaji wa Geita hahitaji kuelezewa picha hiyo. Miamba yenyewe ni ya jamii moja: ni mawe ya kale sana yanayozunguka Ziwa Victoria, yanayoibeba dhahabu ya Geita upande huu na ya Kakamega upande ule. Miaka hiyohiyo ya 1930 ndiyo Geita nayo ilipoanza kuwa na mgodi mkubwa, uliofanya kazi hadi mwaka 1966.

Walioumia zaidi hawakuwa wachimbaji. Mwaka 1930 sheria ya kikoloni ilikuwa imewaahidi Waafrika wa Kenya kwamba ardhi ya maeneo yao ni yao daima. Desemba 1932, baada ya dhahabu kuonekana, sheria ikarekebishwa ili ardhi ya Waluhya iweze kuchukuliwa kwa ajili ya madini bila kupewa ardhi nyingine mbadala. Hiyo "daima" ilidumu miaka miwili.

Tilman alikuwa mmoja wa hao waliofika kuchimba. Alifukua mashimo, akafuata mikanda ya mwamba, akaosha mchanga. Hakutajirika. Dhahabu ya Kakamega nyingi ilihitaji mashine na mtaji wa makampuni. Mtu mwenye karai alibaki na mikono yenye malengelenge.

Mwaka 1933 akaamua yametosha. Lakini kabla ya kuiaga Afrika Mashariki alirudi Kilimanjaro, safari hii peke yake, akafika juu ya Kibo. Ule mgongo wa Coniston ulikuwa umepanda hadi mita 5,895.

Pedali mpaka baharini

Njia ya kawaida ya kurudi Ulaya ilikuwa treni hadi Mombasa, kisha meli. Tilman hakuitaka. Alitaka kutokea upande wa pili wa bara.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kutembea kungemla miezi mingi. Gari linataka hela, petroli na spea, na likiharibikia katikati ya msitu wa Kongo umekwisha. Baiskeli haili chochote. Ukiona mlima mkali unashuka na kusukuma, na ukifika mtoni unaiingiza kwenye mtumbwi.

Sehemu ya kwanza ndiyo yenye milima: magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, ambako barabara hupanda na kushuka kutwa nzima na mvua ikinyesha udongo unakwama kati ya tairi na madigadi. Kuteremka nako si raha kama watu wanavyodhani, maana ukiwa na mzigo nyuma breki ndizo roho yako. Lami haikuwapo. Baada ya milima ukafuata msitu wa Ituri, kilomita kwa kilomita za miti mirefu inayokunyima hata upepo, hadi Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Kutoka hapo akaingia makoloni ya Wafaransa, akapita Bangui kwenye mto Ubangi, kisha Cameroon hadi pwani.

Ukigawa umbali kwa siku, unapata wastani wa kilomita 85 hivi kila siku, ikiwemo siku za kupumzika na za matatizo. Ni zaidi kidogo ya nusu ya njia ya Shinyanga hadi Mwanza, siku 56 mfululizo, kwenye vumbi na tope. Usukumani watu wamekua na simulizi za Ng'wanamalundi na mwendo wake wa ajabu. Tilman hakuwa na dawa yoyote ya mwendo. Yeye kila siku alianza upya kukanyaga pedali.

Nani alimlisha njiani? Wanavijiji. Hakubeba msafara wa wapagazi kama wazungu waliomtangulia, kwa hiyo alikula kilichopatikana na kulala alipopokelewa. Watu hao hawana majina kwenye historia yake, lakini bila wao pengine asingeuona hata mto Ubangi.

Baada ya Kribi

Alirudi Uingereza bila dhahabu, na maneno ya madaktari yakasahaulika. Agosti 29, 1936 alifika kilele cha Nanda Devi, India, chenye mita 7,816. Hadi mwaka 1950 hakikuwepo kilele kirefu zaidi ya hicho ambacho binadamu alikuwa amefika. Mwaka 1937 alichapisha kitabu kuhusu miaka yake ya Afrika, Snow on the Equator. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest, mdogo na wa bei nafuu kwa makusudi. Hawakufika kileleni, ila walivuka mita 8,200.

Vita ya Pili ilipoanza alikuwa na miaka zaidi ya 40. Akaingia tena jeshini kwa hiari, na baadaye akarushwa kwa parachuti nyuma ya mistari ya adui huko Albania na Italia, kupigana bega kwa bega na wapiganaji wa msituni.

Uzeeni akahamia baharini. Alinunua boti za kale za matanga akaelekea nazo kwenye barafu za kaskazini na za kusini mwa dunia. Hakuoa wala hakuwa na watoto.

Novemba 1977, akiwa na miaka 79, aliondoka Rio de Janeiro ndani ya boti iitwayo En Avant kuelekea visiwa vya Falkland. Safari hii nahodha hakuwa yeye; alikuwa baharia tu kwenye boti ya kijana aliyetaka kufika kisiwa kimoja karibu na Antaktika. Tilman alitarajia kutimiza miaka 80 huko mwezi Februari. Boti haikuonekana tena, na hakuna hata mmoja wa waliokuwemo aliyepatikana.

Kakamega wachimbaji wadogo bado wanafukua.