John Dalton, Mwalimu Aliyepima Mvuke

Jina la John Dalton si geni masikioni mwenu. Walimu wetu wa Kemia hututajia kila mara kwamba yeye ndiye aliyetoa nadharia ya atomu. Lakini mimi leo sitaki habari za atomu. Nataka kuwasimulia jinsi mwana huyu wa mfumaji alivyolishughulikia swali linalotukera hata sisi wa sehemu kame: je, udongo na mimea hupoteza maji kiasi gani, na mtu asiye na vyombo vya maana atajuaje?

Dalton alizaliwa mwaka wa 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa tayari anafundisha watoto wa kijijini, na wengine walikuwa wakubwa kumliko! Jamaa yake walikuwa Waquaker, dhehebu la Marafiki ambalo lina wafuasi wengi Magharibi mwa Kenya. Siku hizo mtu asiyekuwa wa Kanisa la Uingereza hakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge. Basi Dalton hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kwa vitabu na kwa marafiki. Mmoja wao, John Gough wa mji wa Kendal, alikuwa kipofu, lakini elimu yake si mchezo. Gough ndiye aliyemshauri aweke daftari la hali ya hewa. Tarehe 24 Machi 1787 Dalton akaanza, akitumia vyombo alivyojitengenezea mwenyewe. Hakuacha kwa miaka 57. Haba na haba hujaza kibaba, kwani vipimo alivyoandika vilizidi 200,000.

Mwaka wa 1793 alihamia Manchester. Tangu zamani kulikuwa na watu waliodai kwamba mvua haitoshi kujaza mito, eti maji hupenya kutoka baharini chini kwa chini. Dalton akaona afadhali apime. Yeye na rafiki yake Thomas Hoyle walichukua pipa la bati lenye upana wa inchi 10 na kina cha futi 3, wakalijaza udongo na kulifukia. Nyasi zikamea juu yake. Mabomba mawili yalipeleka maji yaliyochuja kwenye chupa. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: chukua mvua iliyonyesha, toa maji ya chupani, na yaliyobaki ndiyo yaliyopaa angani kutoka kwa udongo na nyasi. Kwa miaka mitatu, 1796 hadi 1798, wastani ulikuwa karibu inchi 25 kwa mwaka. Dalton akakata kauli kwamba mvua na umande vyatosha kulisha mito na chemchemi.

Mwaka wa 1802 alichapisha kanuni yake. Maji huvukiza upesi hewa inapokuwa na upungufu mkubwa wa mvuke, na upepo huzidisha mwendo huo. Ndiyo maana nguo hukauka haraka siku ya jua na upepo, na huchelewa siku ya manyunyu. Ili kujua mvuke uliomo hewani, Dalton alitia maji baridi katika gilasi, akatazama kama umande utatokea nje yake, na kupima joto ambalo umande haukutokea tena. Hilo hata mimi naweza kulifanya jikoni kwetu!

Wengine walijenga juu ya msingi huo. Mwaka wa 1948 Howard Penman wa Rothamsted, Uingereza, aliunganisha kanuni ya Dalton na nguvu za jua. Fomula yake ilidai joto, unyevu, upepo na saa za jua. Huku kwetu Muguga, mtafiti McCulloch alichapisha majedwali ya kurahisisha hesabu hiyo mwaka wa 1965. Lakini vituo vya kupima yote hayo ni vichache. Kwa hiyo mwaka wa 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba, unyevu usipojulikana, joto la chini kabisa la alfajiri laweza kushika nafasi ya joto la umande, ingawa mahali pakavu lafaa kupunguzwa kidogo. Kumbe ni gilasi ile ile ya Dalton!

Mambo haya yana faida gani kwetu? Kwetu maji hununuliwa kwa mtungi. Bustani ikipoteza milimita 5 kwa siku, kila mita mraba imepoteza lita 5. Tuta la sukuma wiki la mita mraba 4 ladai lita 20, karibu debe moja. Ukipunguza, mboga zitanyauka. Ukizidisha, umemwaga pesa. Bandu bandu huisha gogo, na jua halikosi kubandua kila siku.

Usiku wa tarehe 26 Julai 1844 Dalton aliandika hali ya hewa kwa mkono uliotetemeka. Asubuhi yake akaaga dunia. Watu zaidi ya 40,000 walipita mbele ya jeneza lake mjini Manchester.

Wenzangu, tusingojee maabara kubwa ndipo tuanze. Themomita moja, mkebe wa kupimia mvua na daftari vinatosha. Kinachotakiwa ni kutoruka siku.